Tathmini ya musl, maktaba ya C iliyonilaza Lushoto siku mbili

Nianze na mahali ninapoitumia, maana maktaba ya C huwezi kuisifu wala kuilaumu hewani. Tuko watu watano Tanga mjini. Tunatengeneza visanduku vya vituo vya kukusanyia maziwa: mfugaji analeta ndoo, mizani inasoma, kisanduku kinaandika namba ya mfugaji, kilo na saa, kisha kinatuma kwa mtandao wa simu. Ndani yake kuna bodi ndogo ya ARM ya biti 32, memori ya megabaiti 512, Alpine Linux, na programu moja niliyoiandika mwenyewe kwa C. Vituo ni 11, kuanzia Pangani na Muheza hadi vile vitatu vya mlimani Lushoto. Kazi hii ina miaka minne sasa, na muda wote huo chini ya programu yangu imekaa musl.

Kwa wasioshuka ngazi hii mara kwa mara: maktaba ya C ndiye mtu wa kati anayesimama baina ya programu yako na kerneli, kiini cha Linux kinachosimamia vifaa na memori. Ukitaka kufungua faili, kuomba memori au kuanzisha thredi, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na mingine ndani ya programu hiyo hiyo, unamwambia yeye, naye anapeleka maombi kwa kerneli kwa njia ya miito ya mfumo. Kwenye Linux nyingi anaitwa glibc. Kwenye Alpine anaitwa musl, tangu Alpine 3.0 ya mwaka 2014 ilipoachana na uClibc. Musl ilianzishwa na Rich Felker, toleo la kwanza likatoka 2011, na leseni yake ni MIT. Bei yake ni bure, kwa hiyo hapa gharama ninayoihesabu ni usingizi wangu.

Nianze na usingizi huo.

Simu iliingia saa kumi na mbili na robo asubuhi kutoka kituo kimoja cha mlimani. Anayepokea maziwa pale ni mama mtu mzima, hana maneno mengi.

"Mwanangu, mashine yako imelala tena, na foleni ya ndoo imefika barabarani."

"Shikamoo mama. Taa ya kijani inawaka?"

"Marahaba. Inawaka, lakini kioo hakisemi kitu."

Nikamwambia azime, ahesabu hadi kumi, awashe. Ikaamka. Keshokutwa tena, na safari hii na kituo cha jirani yake. Muheza kimya, Pangani kimya, Korogwe hakuna anayelalamika, ila vituo vya Lushoto vinakufa kwa zamu. Nikaulaumu umeme, nikanunua betri. Nikaulaumu ubaridi, msinicheke, nikafunga visanduku na sponji. Mwishowe nikapanda basi, Mombo kisha mlima, na nikalala huko siku mbili nikikodolea logi macho.

Logi ilikuwa na jibu tangu mwanzo. Programu ilikuwa inauawa na ishara ya 11, yaani imegusa memori isiyo yake, na kila mara ilikufa muda mfupi baada ya mtandao wa simu *kurudi*. Sikuwa nimewaza hivyo. Nilikuwa natafuta kinachotokea mtandao unapokatika. Mtandao ukikatika, kisanduku kinaweka vipimo kwenye faili la akiba. Ukirudi, thredi ya kutuma inaita kazi moja inayolisoma faili lile na kulipeleka lote. Na ndani ya kazi hiyo nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu, mstari huu:

char akiba[262144];

Kilobaiti 256, kwenye staki, yaani memori ya muda ambayo kila thredi hutengewa. Kwenye kompyuta yangu ya Debian hilo halina shida, kwa sababu glibc huipa thredi mpya staki ya ukubwa ule ule wa ulimit, kikomo kinachowekwa na mfumo, ambao kwa kawaida ni megabaiti 8. Musl inaipa thredi kilobaiti 128. Kabla ya toleo 1.1.21 la Januari 2019 ilikuwa inatoa 80 tu. Nilikuwa namimina ndoo ya lita 20 kwenye kidumu cha lita 10. Muheza hakikumwagika kitu kwa sababu mtandao wa Muheza haukatiki, kazi ile haijawahi kuitwa hata siku moja. Na nilipojaribu nyumbani kwa kuiita kutoka thredi kuu, ilipita vizuri tu, maana staki ya thredi kuu inatoka kwa kerneli, musl haina mkono hapo.

Kosa ni la nani? Zaidi ya nusu ni langu. POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, haijaahidi popote kwamba thredi itapewa megabaiti 8, na anayeweka kitu kikubwa hivyo kwenye staki anacheza kamari hata kwenye glibc. Tena uchaguzi wa musl una hesabu yake. Kwenye mashine ya biti 32 programu inapata takribani gigabaiti 3 za anwani. Zigawe kwa megabaiti 8 uone: hufikishi thredi 400 kabla anwani hazijaisha, hata kama memori yenyewe haijaguswa. Ila mimi nina thredi sita, sina 400, na sita hizo ndizo zilizonipeleka mlimani. Ninachoidai musl ni kwamba hakuna onyo lolote. Programu inakompailiwa bila kulalamika na kukaa wiki tatu ikifanya kazi safi, halafu inakufa saa kumi na mbili asubuhi mbele ya foleni ya ndoo.

Dawa ni nyepesi ukishajua. Akiba ile nimeihamishia kwenye malloc, kazi ya kuomba memori nje ya staki, na kila thredi naianzisha kwa pthread_attr_setstacksize ya kilobaiti 512. Kama programu si yako na huwezi kugusa msimbo, mpe kompaila -Wl,-z,stack-size=1048576 wakati wa kuunganisha. Musl inasoma namba hiyo kutoka kichwa cha faili la programu na kuiheshimu, mradi haizidi megabaiti 8.

Sasa mtu ataniuliza, kwa nini basi sikuiacha pale pale Lushoto?

Kwa sababu ya namna nilivyoipata ile 128. Nilifungua msimbo wa musl, folda ya src, nikatafuta, na nikakuta DEFAULT_STACK_SIZE 131072 imeandikwa kwenye pthread_impl.h, waziwazi, na chini yake 8192 ya ukurasa wa ulinzi. Haikuchukua hata muda wa kumaliza chai. Folda ya src/thread ina vifaili vingi vidogo, karibu kila kazi na faili lake. Chukua pthread_mutex_lock.c, ya kufunga kufuli, lile linalozuia thredi mbili kugusa kitu kimoja kwa pamoja. Mwili wake ni mistari minne. Kama kufuli ni la aina ya kawaida, inajaribu kubadili 0, yaani liko wazi, kuwa EBUSY, yaani limeshikwa, kwa hatua moja isiyogawanyika. Ikifaulu, inarudi na kerneli haijui hata kama kuna kufuli duniani. Ikishindwa, inaita ndugu yake wa timedlock bila kikomo cha muda. Huko nako inazunguka mara 100 ikitumaini mwenye kufuli ataliachia, mradi hakuna mwingine aliyekwisha kujilaza akisubiri, ndipo inamwomba kerneli kwa mwito wa futex ailaze. Mtu yeyote aliyesoma C mwaka mmoja anaweza kuifuata hiyo na kidole.

Miito ya mfumo nayo iko hivyo hivyo. Fungua arch/x86_64/syscall_arch.h uone: namba ya mwito kwenye rax, mojawapo ya vihifadhi vidogo ndani ya kichakataji, hoja kwenye rdi, rsi, rdx, r10, r8 na r9, kisha amri moja ya syscall. Jibu linarudi kwenye rax ile ile. Likiwa kati ya -1 na -4095, ni kosa. Maktaba inaligeuza alama, inaliweka kwenye errno ya thredi hiyo, yaani pahali pa namba ya kosa, na wewe unapewa -1. Basi. Nimewahi kumkalisha kijana wa mafunzo kwa vitendo mbele ya faili hilo na kabla ya mchana alikuwa ameandika mwito wake mwenyewe bila maktaba yoyote.

Glibc siwezi kuisema vibaya kwa hili. Ina mzigo ambao musl haijabeba, programu zilizokompailiwa zamani sana bado zinataka kuendeshwa, na thredi zake zimepita mikono mingi: kwanza LinuxThreads, kisha NPTL ya Ulrich Drepper na Ingo Molnar iliyokuja na enzi ya kerneli 2.6, kisha Agosti 2021, toleo 2.34, libpthread ikaingizwa ndani ya libc yenyewe. Musl ilikuwa hivyo tangu mwanzo, faili lake la libpthread.a ni tupu, lipo tu ili -lpthread isilete ugomvi. Lakini kusoma msimbo huo wa NPTL usiku wa saa sita ukiwa na usingizi, ndugu zangu, ni kazi nyingine kabisa.

Sehemu ninayoiona bora kuliko zote ni ya kukatisha thredi. Kila mizani yangu ina thredi inayokaa kwenye read ikisubiri waya ya mizani iseme kitu. Kituo kikifungwa, thredi hiyo naikatisha kwa pthread_cancel. Wengi watakwambia usiiguse kazi hiyo, na wana sababu. Fikiria ishara ya kukatisha imefika kerneli akiwa *ameshasoma* kilo 18 za mama fulani kutoka kwenye waya, ila jibu halijanifikia. Ukiikatisha thredi hapo, zile kilo 18 zimepotea, hazipo kwenye waya wala kwenye daftari. Tatizo hili glibc ilikuwa nalo miaka mingi. Liliripotiwa mwaka 2011, hitilafu namba 12683, na aliyeripoti ni Rich Felker mwenyewe.

Jinsi musl inavyolikwepa inapendeza. Mwito unaoweza kukatishwa umeandikwa kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na kichakataji, na una alama mbili, ya mwanzo na ya mwisho, __cp_begin na __cp_end. Ishara ikifika, kazi inayoipokea inaangalia kichakataji kilikuwa kwenye mstari gani. Kama kiko kati ya alama hizo, maana yake mwito bado haujafanya lolote, basi thredi inaelekezwa mlango wa kutokea. Kama kimeshavuka, mwito umeleta kitu, basi unaachwa urudi na mzigo wake kwanza. Kwangu ina maana moja: kilo za mtu hazipotei kwa sababu karani amebonyeza kitufe cha kufunga.

Kuna na hili la setuid, ambalo wengi hawalijui mpaka liwaume. Programu yangu inaanza kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, ili ifungue waya wa mizani, kisha inajishusha kuwa mtumiaji wa kawaida. POSIX inasema ukiita setuid, programu nzima inashuka. Kerneli ya Linux haifanyi hivyo. Kwake kila thredi ina kitambulisho chake, anayeomba ndiye anayeshuka, wengine wanabaki root wakikuangalia. Kwa hiyo maktaba ndiyo inayobeba jukumu: musl inatuma ishara ya ndani kwa kila thredi, inazisimamisha zote, kila moja inaita mwito wake, kisha zinaachiwa. Ukijifanya mjanja ukaita syscall(SYS_setuid) moja kwa moja, umejishusha peke yako. Na tahadhari ndogo kwa wanaopenda kuandika namba kwa mkono: musl imejiwekea ishara 32, 33 na 34. SIGRTMIN yake ni 35, wakati ya glibc ni 34. Ukiomba 34 kwenye musl unarudishiwa EINVAL, yaani namba hiyo haikubaliki.

Sasa upande wa seva, ambako sifa zinapungua.

Seva yetu ya kupokea vipimo ilikuwa ndani ya kontena la Alpine, yaani mfumo mdogo uliofungiwa ndani ya mwingine, kwenye mashine ya kukodi. Kampuni inayotukodisha siitaji, ila walikuwa hawajagusa Docker yao, programu inayoendesha kontena, muda mrefu. Nilipopandisha kontena hadi Alpine 3.14, make, programu ya kujengea programu nyingine, ikaanza kusema haina ruhusa ya kuendesha /bin/sh. Ruhusa zote zilikuwa sawa, nilizikagua mpaka nikachoka. Kumbe musl ya toleo hilo ilikuwa imeanza kutumia mwito mpya wa kuuliza ruhusa za faili, faccessat2. Musl ni muungwana kwenye mambo haya: inajaribu mwito mpya, ikiambiwa ENOSYS, yaani kerneli haiujui, inarudi kwenye njia ya zamani kimyakimya. Lakini kichujio cha Docker ya zamani kilikuwa kinajibu EPERM, yaani umekatazwa, kwa mwito wowote kisioujua. Ukiambiwa umekatazwa hujaribu mlango wa pili, unarudi nyumbani. Tangazo la Alpine 3.14 lilikuwa limesema wazi kwamba Docker iwe 20.10.0 au juu yake. Sikulisoma. Wenye seva nao walichukua siku nne kujibu tiketi yangu.

Hapo usidhani glibc ilisalimika. Toleo 2.34 lilianza kuanzisha thredi kwa mwito wa clone3, na ndani ya kontena za namna hiyo hiyo pthread_create ikawa inashindwa kabisa, mpaka Docker 20.10.10 ilipoanza kujibu ENOSYS kwa mwito huo. Musl yenyewe ilibaki na clone ya zamani. Kuna faida ya kutokimbilia kila kipya. Na kutokimbilia nako kuna kikomo: gettid ni mwito wa miaka mingi, lakini glibc ilimpa mwandishi wa C kazi ya jina hilo mwaka 2019 tu, toleo 2.30. Kabla ya hapo tulikuwa tunaandika syscall(SYS_gettid) kama wezi.

Malloc ndiyo iliyoniondoa musl kwenye seva. Tangu 1.2.1 ya Agosti 2020 musl ina malloc mpya, ngumu kuichezea kwa mashambulizi na isiyotawanya memori ovyo, na vituoni naipenda. Lakini ina kufuli moja kwa wote. Ripoti ya mwisho wa mwezi kwetu inatengenezwa na thredi nane, zote zinaomba na kurudisha vipande vidogo vya memori bila kupumua, na kwenye kufuli moja zinapanga foleni kama watu wa mwendokasi saa kumi na moja jioni. Viini nane vya kichakataji, kazi ya kimoja na nusu. Nilijaribu kuweka mimalloc, malloc mbadala, juu yake na hali ikawa nzuri, kisha nikajiuliza kwa nini nabeba viraka kwenye mashine yenye gigabaiti 16. Seva ikarudi Debian.

Jambo moja la mwisho, la kimya, ambalo ndilo linalonifanya nisiihamishe bodi ya kituoni kwenda kitu kingine. Bodi zetu ni za biti 32. Kwa hesabu ya zamani ya saa, Januari 2038 zingerudi nyuma hadi 1901. Musl 1.2.0 ya Februari 2020 iliifanya time_t, aina ya namba inayoshika saa, kuwa biti 64 kwenye mashine zote za biti 32, lazima, hakuna swichi. Kerneli 5.1 ya 2019 ilikuwa imeleta miito mipya ya saa kwa ajili hiyo, futex yenye muda wa biti 64 ikiwemo, na musl inaitumia panapohitajika, kerneli ikiwa ya zamani inarudi kwenye ile ya awali. Mimi sikufanya chochote zaidi ya kukompaili upya. Kuna kituo kimoja kinachowakopesha wafugaji ng'ombe wa maziwa na kuwakata kidogo kidogo, na tarehe zile sitaki kuzisogelea kwa mkono.

Kwa hiyo, vituoni musl inapata nne na nusu kwa tano, nusu nimeikata kwa ajili ya ile staki isiyosema. Kwenye seva yenye thredi nyingi naipa mbili na nusu. Programu nzima ya kituo, ikiwa imeunganishwa na musl ndani yake, ni faili moja ambalo fundi wetu anapanda nalo bodaboda kwenye flashi. Na kabla hajapanda, siku hizi naiweka kwenye bodi yenyewe hapa ofisini, siyo kwenye Debian yangu, nachomoa antena nusu saa, naichomeka, kisha nakaa kuangalia thredi ya kutuma inamaliza faili la akiba.